Msichukue pikapu yetu, badilisheni Land Cruiser yenu

Leo hatuandiki juu ya mitihani wala juu ya mapenzi. Tunaandika juu ya magari mawili. Na kama unafikiri magari ni habari ya wanaume wenye pesa, subiri kidogo, soma mpaka chini.

La kwanza mnalijua. Iko pale pale nyuma ya ukuta, Hilux ya mwaka 1994, nyeupe ambayo sasa imekuwa rangi ya maziwa ya jana. Mlango wa kulia unafunguka kutoka nje tu. Asubuhi ya baridi inakohoa kama babu, inatoa moshi mweusi, halafu inatulia na kufanya kazi mpaka usiku.

La pili lilikuja wiki tatu zilizopita. Ni e-Golf ya mwaka 2020, gari dogo la umeme la milango mitano, buluu, safi ndani kama chumba cha hoteli. Shirika moja rafiki lilituletea tulijaribu. Jina lake hatutaji, wanatusaidia kwa mengi na tunajua wanasoma hapa. Barua yao inasema hivi: pikapu, ambayo wao ndio walitupatia zamani, irudi kwao iuzwe mnadani, na sisi tubaki na ya umeme. Sababu zao ni mbili, moshi na usalama. Jibu letu wanalitaka Ijumaa.

Tulikaa mikutano miwili. Tulibishana mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Haya hapa chini ndiyo maoni yetu, na hayakupitishwa na wote, tutasema wazi pale tulipogawanyika.

Tuanze na ya umeme, maana njo ilitushangaza. Wengi wetu tulikuwa tumeshaandaa maneno ya kuisema vibaya kabla hata hatujaiona. Kumbe ni gari zuri kabisa. Haina klachi, haina gia za kuhangaika nazo. Dada mmoja katika kikundi, ambaye pikapu ilimzimikia mara nyingi pale kwenye mteremko wa Rubona akilia na watu wakipiga honi nyuma, aliishika hii siku ya kwanza na akaenda mpaka Nyamyumba, kwenye maji moto, akarudi anacheka. Ukikanyaga, inaondoka bila kelele. Watoto wa mtaani walikuwa wanaikimbilia wakitega masikio wasikie motere, hawasikii kitu.

Na hesabu yake ya pesa hatuwezi kuificha. Pikapu yetu inakunywa karibu lita 11 za mazutu kwa kila kilomita 100, na ikiwa na mzigo kupanda Nyundo inazidi hapo. Ya umeme inatumia karibu uniti 16 kwa kilomita hizo hizo. Kwa bei tulizolipa sisi wenyewe, mazutu inatula karibu mara tatu ya umeme. Halafu hakuna oili ya kubadilisha, hakuna filta ya mazutu, hakuna pulagi. Na kuna kitu kimoja ambacho mtu wa tambarare hawezi kukifurahia kama sisi: ukishuka kutoka Mukamira kuja ziwani, unaachia mguu, gari linajizuia lenyewe na linarudisha umeme kwenye betri. Tulitazama namba zikipanda kwenye kioo, tukapiga makofi ndani ya gari kama watu wa kijijini waliopanda lifti mara ya kwanza. Pikapu kwenye mteremko huo inatuchomea breki tu.

Hata hali ya hewa ya hapa inaifaa. Betri za aina hii hazipendi joto kali, na betri ya e-Golf haina mashine ya kuipoza. Gisenyi, mita karibu 1,500 juu ya bahari, upepo wa ziwa, iko sawa kwake.

Rwanda si mgeni wa gari hili. Oktoba 2019 kampuni ya Volkswagen na Siemens walizindua e-Golf pale Kigali, wakaanza na magari manne na kituo kimoja cha kuchajia, wakasema mpango ni kufika magari 50 na vituo 15. Miezi 14 baadaye, Desemba 2020, kiwanda cha Dresden kule Ujerumani kiliacha kuitengeneza e-Golf kabisa, wakahamia gari lingine. Kwa hiyo hii tuliyoletewa ni mpya kuliko pikapu yetu kwa miaka 26, lakini nayo tayari ni gari ambalo halitengenezwi tena. Hilo liweke kichwani, tutalirudia.

Sasa pikapu.

Tuseme ukweli, hatuipendi kwa uzuri. Haina mfuko wa hewa wa kukinga kifua, mikanda yake imechoka, na mara nyingi tumebeba watu nyuma kwenye karoseri huku tunajua hairuhusiwi na ni hatari. Shirika likisema usalama, halidanganyi. Mvua ya Aprili ikikukuta nyuma unafika kama samaki.

Lakini angalia kazi. Kikundi kinaishi kwa kuuza: viazi na vitunguu kutoka upande wa Mukamira na Mahoko kuleta soko la Mbugangari, sabuni ya maji tunayotengeneza wenyewe kupeleka kwa wateja, sambaza za kukausha, na magodoro ya watu wanaohama nyumba, maana mkimbizi wa mjini anahama kila kodi ikipanda. Hilux hiyo inabeba tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia. Golf ya umeme ina buti ya lita 341. Tulijaribu, hatukusema kwa mdomo tu. Tulilaza viti vya nyuma, tukaingiza magunia matatu ya viazi. La nne tuliliangalia, nalo likatuangalia. Gari lilishuka chini, na pale Byahi kwenye mawe ya volkano tulisikia tumbo lake likikwaruza, sisi sote tukashika pumzi, kwa sababu chini ya tumbo hilo ndiko betri ilipo.

Mzee anayeuza mkaa pale karibu alituuliza kwa nini hatununui chukudu tu. Alikuwa anatania, lakini si sana. Mwenye chukudu ya mbao anabeba magunia zaidi ya hiyo buti, na haombi chaja.

Tuje kwenye chaja, maana hapa watu wa mashirika huwa hawafiki. Mkimbizi wa mjini anapanga chumba. Chumba kiko ndani ya uwanja mmoja na familia tano au sita, na uwanja una kashipawa moja. Betri ya gari hili ni uniti 35.8. Ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani kutoka sifuri, inakaa karibu saa 17, na ukihesabu umeme unaopotea njiani utalipa uniti karibu 40. Usiku mmoja! Na bei ya umeme Rwanda imepangwa kwa ngazi: uniti za kwanza za mwezi ni nafuu, zinazofuata zinapanda, na ukipita 50 unaingia bei ya juu kabisa. Maana yake ni kwamba gari letu likichaji mara mbili, bibi wa chumba cha mwisho mwenye balbu moja na simu ya tochi naye analipa bei ya tajiri. Tulichaji mara moja kwa mwanachama wetu mmoja. Asubuhi mwenye nyumba alikuja na uso ambao hatutausahau, akauliza hii kamba ya nani. Tangu siku ile tulikuwa tunaomba kuchaji kwenye ofisi za shirika, ambazo zinafungwa saa kumi na moja jioni.

Mtasema kuna chaja za haraka. Zipo, na kwa chaja ya haraka e-Golf inafika asilimia 80 kwa muda chini ya saa moja. Lakini hazipo Byahi, wala Mahoko, wala njia ya udongo inayopanda kambi ya Kiziba, ambako pikapu yetu inaenda kila baada ya wiki kadhaa kupelekea wenzetu mashine za kushonea na vitabu.

Halafu matengenezo. Pikapu ikiharibika, fundi wa garaji ya chini ya mti anaifungua kwa spana tatu na nyundo, piesi anazitoa kwenye Hilux nyingine iliyokufa. Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha Uingereza walichukua Hilux ya 1988 wakajaribu kuiua. Waliizamisha baharini, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo refu na kulibomoa jengo lenyewe, na fundi akaiwasha tena kwa vifaa vya kawaida bila piesi mpya. Wazungu walishangaa. Sisi tulipoiona video hiyo tulisema tu: eeh, hiyo si kama barabara ya Sake kwenda Masisi wakati wa mvua?

Tulimpelekea fundi wetu e-Golf aitazame. Alifungua boneti, akaona nyaya za rangi ya machungwa, akaifunga polepole kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wengine. Akasema, "Hii siigusi, wanangu. Nina watoto." Yuko sawa. Nyaya hizo zina zaidi ya volti 300, zinaua. Na gari lenyewe, tulishasema, halitengenezwi tena. Litakapokufa moduli moja ya betri mwaka kesho kutwa, tutampigia nani simu? Kwenye barua tuliyopewa hakuna mstari hata mmoja juu ya hilo.

Sasa tufike mahali pagumu, ambapo hatukukubaliana.

Kuna dada yetu mmoja, alitoka Masisi, hapandi pikapu. Hajawahi. Akiwa na kazi sokoni anatembea kwa miguu au anachukua moto. Tulifikiri anaona aibu ya gari bovu, mpaka kwenye mkutano wa pili aliposimama akasema: ninyi mnapoona pikapu mnaona magunia, mimi ninaona watu wenye bunduki wamekaa pembeni miguu inaning'inia. Chumba kilinyamaza. Kila mmoja wetu aliyekulia Kivu anajua picha hiyo. Gari lile lile lenye sifa za kufika popote ndilo lililofika kijijini kwao. Kule Chad mwaka 1987 awamu ya mwisho ya vita na Libya iliitwa Vita vya Toyota, kwa sababu ya pikapu hizi hizi. Gari linalosifiwa na kila mtu kwa ugumu, wanaume wa vita nao walilisifu mapema.

Na wengine wetu tuna picha tofauti. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipofunguka, kuna pikapu zilizobeba wazee na watoto kutoka Goma mpaka mpakani, zinarudi tena, bila kuuliza pesa. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, tena tulivuka, wengine kwa miguu kwa Petite Barrière, wengine tumebanwa nyuma ya kamyoneti na masufuria. Kaka mmoja anasema alizaliwa upya kwenye karoseri ya Hilux na yeyote atakayeiuza mnadani amwambie kwanza.

Hatukujaribu kuamua nani kati ya hao wawili ana haki. Dada yule anaitaka ya umeme, anasema ndiyo gari la kwanza aliloingia bila moyo kwenda mbio. Hiyo nayo ni sababu, hata kama haina namba ya lita wala ya volti, na tunaiweka hapa ili watu wa mashirika waihesabu.

Neno "gari safi" kwenye barua yao lilitukwama kidogo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayoingia kwenye betri nyingi za magari, inatoka Kongo, kusini kule Kolwezi. Sisi wa Masisi tuna ya kwetu: koltani ya Rubaya, inayotoa tantali, ile inayotumika ndani ya simu, kompyuta na magari ya kisasa. Kwa hiyo mtoto wa Rubaya akiambiwa apokee gari safi na aseme asante mbele ya kamera, mwacheni kwanza atabasamu kwa namna yake. Hatusemi gari la umeme ni baya kwa sababu hiyo. Simu tunayoandikia hapa nayo ina vitu hivyo hivyo. Tunaomba tu msituambie moshi wa pikapu ndio uchafu peke yake tunaoujua.

Upande mwingine kuna habari nzuri ambayo hata barua haikuisema, na tunashangaa, maana iko mbele ya macho. Umeme wa hapa, sehemu yake inatoka chini ya Kivu. Pale Karongi mtambo wa KivuWatt unanyonya gesi ya methani kutoka vilindini na kutoa megawati 26 tangu 2016, na hapa kwetu Rubavu kuna mradi wa Shema Power uliopangwa kufika megawati 56. Tangu miaka ya 1960 gesi hiyo ilikuwa inachemsha mitungi ya kiwanda cha bia hapa hapa Gisenyi. Umeme wa nchi una vyanzo vingine pia, maporomoko, jua, ule udongo wa kinamasi wanaouita nyiramugengeri, na mazutu haijaisha. Lakini ziwa tulilokuwa tunaambiwa tangu utoto kwamba siku moja gesi yake itatuua, leo sehemu ya gesi hiyo inasukuma gari kupanda Nyundo. Hilo lingeandikwa kwenye barua, tungeisoma kwa sauti.

Basi maoni yetu.

Tulikaa tukajiuliza: gari dogo la umeme, la watu wanne na mkoba, la barabara ya lami, lenye kurudi kila jioni mahali penye soketi yake lenyewe, linamfaa nani? Tukaangalia dirishani. Nje ya ofisi ya shirika zimepangwa Land Cruiser nyeupe zenye antena. Barabara ya Gisenyi kwenda Kigali ni lami mwanzo hadi mwisho, karibu kilomita 155. Tuliijaribu na e-Golf: tuliondoka betri imejaa, tukafika ikiwa imebaki chini ya robo, tukachaji wakati wenzetu wako mkutanoni, tukarudi. Kwenye njia hiyo hiyo Land Cruiser ya tani mbili na zaidi inapita kila wiki, ndani yake shofa, mtu mmoja wa mashirika na kompyuta. Wakati mwingine na keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu wa ofisi, tumeiona.

Ninyi mna uwanja wenu. Mna kashipawa yenu, isiyo na bibi wa chumba cha mwisho. Mna mlinzi wa usiku. Mnaweza kufunga chaja ukutani ambayo inajaza gari kwa saa sita badala ya 17. Mna bajeti ya kumwita fundi kutoka Kigali. Kila kitu kinachofanya gari hili kuwa mzigo kwetu, kwenu hakipo. Kama lengo ni kupunguza moshi, anzeni na magari yanayobeba kompyuta, ndipo mje kwa yanayobeba viazi. Land Cruiser zibaki kwa njia za matope, ndiko zilikotengenezewa.

Tunajua mtakavyojibu: kanuni za usalama zinataka gari la aina fulani. Sawa, kwa kwenda mahali pa hatari. Kwenda Kigali?

Nasi tunajifunga kwa haya, msije mkasema vijana wanataka tu kupewa. Kuanzia leo hakuna mtu anayekaa karoseri ya pikapu, hata kama ni mita mia. Mikanda mipya miwili tumeshaagiza. Pua za kupulizia mazutu zitasafishwa kwa pesa ya sabuni ya mwezi huu, fundi anasema nusu ya moshi mweusi iko pale. Na pikapu ikishindwa kontroli teknike, tutaiweka chini sisi wenyewe, hatutabembeleza mtu.

Tunaomba mambo mawili. Mosi, e-Golf ikae kwenu, ila siku mbili za wiki itoke kwa kina mama wajawazito na wagonjwa wa kikundi kwenda hospitali, na dada yetu awe mmoja wa madereva. Pili, na hili ni kubwa kuliko gari lenyewe: vijana wawili wetu, msichana na mvulana, wafundishwe kutengeneza magari ya umeme, nyaya za machungwa na zote. Tangu Januari 2025 moto mpya ya abiria haiandikishwi Kigali kama si ya umeme. Wenzetu waliojifunza kutengeneza moto za petroli miaka mitatu iliyopita wanaona kazi inawahama mikononi. Gari mkitupa bila ufundi, litakufa nyuma ya ukuta ule ule, tofauti ni kwamba hili litakufa kimya.

Ijumaa barua inaenda kama ilivyo hapa, lugha ikiwa imenyooshwa kidogo. Mwanachama asiyekubali aandike maoni yake chini, tutayaambatanisha yote.

Na kwa wale wa zamu: kesho pikapu inatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mukamira, viazi magunia manane. Bashi letu limetoboka. Mwenye lingine alilete usiku huu, mvua inaonekana.